Mzee Tak Ki-un, Mchora Herufi Nene za Gazeti

Wazee wetu wa kanisa, majirani wa uchochoro wetu, jamaa mliofika kutoka Jeonju na Busan, na nyote mliokaa nasi tangu Jumanne mkinywa supu yetu na kulia pamoja nasi, mimi ni Tak In-suk, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu mdogo wangu In-gyu, ambaye ndiye mfiwa mkuu na ndiye aliyepaswa kusoma, ameniambia asubuhi hii, "Dada, soma wewe, mimi nikifika mwaka wa sabini na mbili sauti itakatika," nami sikumwambia kwamba na yangu itakatika palepale. Nitamwita marehemu pale nitakapoweza, na baba pale nitakaposhindwa.

Marehemu Tak Ki-un alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 mjini Jeonju, katika mtaa wa watengeneza karatasi, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Tak Pyeong-ho, aliyekausha karatasi juu ya bamba la moto mpaka viganja vyake vikawa havisikii joto, na Bi Ma Gop-dan, aliyejua kusoma kidogo kwa sababu ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Mwaka 1938 alianza shule ya msingi, na kabla hajamaliza, lugha yetu ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku darasani na wakoloni waliotutawala, kwa hiyo mama yake alimfundisha herufi zetu nyumbani, akizichora kwa kidole juu ya majivu yaliyosambazwa kwenye sinia na kuzifuta kila zilipokwisha kusomwa, na marehemu alichapwa viboko mara mbili shuleni kwa kuandika jina lake mwenyewe kwenye kona ya daftari. Ukombozi ulipokuja Agosti 1945 alikuwa na miaka kumi na minne, na alitusimulia kwamba jambo la kwanza alilofanya halikuwa kushangilia, bali kutembea mji mzima akisoma kwa sauti vibao vipya vilivyobandikwa, hata kile cha muuza dawa za minyoo.

Baba yake alipofariki mwaka 1948 aliacha shule ya sekondari na kuingia kiwanda kimoja cha chapa kuokota na kupanga herufi za chapa zilizosubiwa kwa madini ya risasi, vita vilipoanza alichukuliwa jeshini Agosti 1950, akajeruhiwa mguu wa kushoto Februari iliyofuata, akaletwa hospitali ya jeshi hapa Daegu, na baada ya kupona hakurudi tena kwao, kwa sababu nyumba ya kwao ilikuwa imeungua na mama yake alikuwa amezikwa bila yeye kujua. Tarehe 3 Juni 1953 aliajiriwa katika gazeti moja la mji huu, ambalo familia imeniomba nisilitaje jina, akawa mpanga herufi, na miaka mitano baadaye mkuu wa chumba cha herufi.

Tarehe 20 Aprili 1957 alifunga ndoa na mama yetu, Bi Seon Ok-nyeo, binti wa mtengeneza tofu, nao wakajaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 2 Februari 1958, na In-gyu, tarehe 9 Septemba 1961. Kuanzia mwaka 1969 tuliishi pia na mama mdogo, Seon Ok-ran, mdogo wake mama wa mwisho, aliyekuja kutafuta kazi mjini akiwa na miaka kumi na sita, na aliyekuwa akicheka nyumba nzima ikasikia.

Sasa niseme habari za kazi ya mikono yake, kwa maana bila hiyo maisha yake hayaelezeki. Hadi mwaka 1958 vichwa vya habari vya gazeti lile vilipangwa kwa herufi zilizotoka huku na huku, nyingine nyembamba, nyingine pana, zimesimama pamoja kama watoto wa kambo, na mhariri mkuu, Bwana Yeom, akamwita marehemu akamwambia, "Tak, nichoree herufi inayopiga kelele." Marehemu alichora kwa miaka mitano na nusu, maumbo elfu mbili mia tatu na ushei, umbo moja kwa kila silabi, kila moja katika mraba wa karatasi usiozidi kiganja, kwa brashi ya nywele chache na rula ya mianzi, na alichokileta hakikuwa cha kupiga kelele. Aliifuata ile herufi ya zamani ya vitabu vya babu zetu, yenye nguzo ya wima iliyonyooka, mhimili wa kulala mwembamba kidogo kuliko nguzo, na kwenye kichwa cha kila nguzo mdomo mfupi unaoinamia kushoto, kama wa ndege anayekunywa maji, ila aliinenepesha mara tatu, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu herufi ikinenepeshwa ovyo matumbo yake hujaa wino, na kwenye karatasi duni ya gazeti huwa doa tu. Basi zile zenye mistari mingi alizikondesha kwa ndani kiasi ambacho jicho halitambui, akiacha weupe uliotosha kupumua, na alikuwa akisema kwamba unene wa herufi unatokana na weupe uliobaki ndani yake.

Kila alipomaliza maneno machache aliyabandika kwenye ukuta wa duka la jirani, ng'ambo ya uchochoro, kisha akamsimamisha mama mlangoni kwetu akiwa na mimi mgongoni.

"Mama In-suk, unasoma nini?"

"Nasoma 'mafuriko'. Jana 'msiba'. Juzi 'vita'. Wewe hujui kuandika 'mchele'?"

"Mchele hauhitaji unene huu."

"Sisi tunauhitaji," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka, na hicho ndicho kicheko chao cha kwanza ninachokikumbuka.

Herufi ile ilianza kutumika tarehe 1 Machi 1964, ikatangaza mafuriko, chaguzi, vifo vya wakubwa na ajali za treni, ikapanga tanzia zenye mpaka mweusi, na bila mtu yeyote kuamuru watu wa mji huu wakajizoesha kuona kwamba jambo lililoandikwa kwa herufi ile lilikuwa limekwisha kutokea na halibishaniwi. Mama mdogo Ok-ran alikuwa akimtania akisema, "Shemeji, herufi zako zimenenepa kuliko sisi, huwa unazilisha nini?" naye baba akamjibu, "Huzilisha mgao wako, ndiyo maana umekonda," na sisi watoto tulicheka mpaka tukapaliwa na wali.

Ndugu waombolezaji, mama mdogo alipata kazi katika kiwanda cha kushona nywele za bandia, ghorofa ya pili, pamoja na wasichana wengine zaidi ya sitini, na mwanzoni mwa Novemba 1972, tukiwa tunakula jioni, alimwambia baba, "Shemeji, siku hizi wanatufungia mlango kwa mnyororo kwa nje, kama mbwa, eti tunaiba nywele. Sasa nywele za kuiba nitavaa wapi, na hiki kichwa kimejaa zake?" Baba alitikisa kichwa akaendelea kula. Jumamosi tarehe 11 Novemba, saa tisa mchana, kiwanda kile kiliungua, na wasichana kumi na tisa wakafia nyuma ya ule mlango, na mama mdogo wetu alikuwa miongoni mwao, akiwa na miaka kumi na tisa, na mama yetu alimtambua kwa soksi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeitia kiraka kisigino wiki iliyotangulia.

Jumatatu tarehe 13 gazeti likatoka, na juu kabisa, kwa herufi za baba, liliandika: UZEMBE WA WASICHANA WATEKETEZA KIWANDA, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba walikuwa wakipika tambi kwenye jiko karibu na nywele. Jirani mmoja, aliyekwisha kufariki naye, alikuja na pole na sahani ya viazi vitamu, akasema kwa wema wote, "Maskini watoto, lakini nao, tambi karibu na nywele!" mama akamuuliza, "Nani kakwambia?" naye akajibu, "Si gazeti? Tena si kwa herufi ndogo." Alipoondoka, mama alilitandika gazeti sakafuni, akaweka kidole juu ya neno la kwanza, akamwita baba.

"Baba In-suk, nani kaandika hivi?"

"Mhariri."

"Mhariri ana mkono huu? Mdomo huu ni wako. Mimi ndiye niliyekusomea kutoka mlangoni."

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nyuma ya pazia, na nilimwona akiligeuza gazeti likaangalia chini.

Jumanne alikwenda kwa Bwana Yeom akamwambia habari ya mnyororo, na Bwana Yeom, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwonyesha mhuri uliokuwa kwenye ukurasa, kwa kuwa miezi ile kila ukurasa ulipitia kwa ofisa wa serikali kabla ya kupigwa chapa, akamwambia, "Wewe shughulika na umbo la herufi, Tak, maana yake tuachie sisi, shingo zetu ndizo zilizo kwenye kamba. Una watoto wawili. Nenda kakae." Akaenda akakaa. Jumatano alishinda kutwa akipiga tupa herufi moja ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Alhamisi tarehe 16 Novemba, ukurasa wa nne ulipokwisha kupigwa mhuri na kurudishwa chumba cha herufi, marehemu aliwaambia wenzake wakanywe chai, akaondoa tangazo la vidonge vya tumbo, ambalo alikuwa amelipima tangu asubuhi, na mahali pake akapanga kwa mkono wake tanzia yenye mpaka mweusi, si kwa herufi za tanzia ndogo bali kwa zile za vichwa vya habari, majina kumi na tisa na umri wa kila mmoja, na chini yake: "Wamefariki Jumamosi, mlango wa ghorofa ya pili ukiwa umefungwa kwa mnyororo kwa nje." Nakala zaidi ya elfu sita zilikuwa zimekwisha kuingia mitaani kabla mtambo haujasimamishwa, na marehemu hakukimbia, alinawa wino, akaketi kwenye kiti chake, akangoja.

Maofisa wa usalama walimchukua siku ileile na kumweka kizuizini siku thelathini na nane. Alirudi tarehe 24 Desemba, akatuambia ameanguka kwenye ngazi, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia hakikukunjika tena mpaka tunapomzika leo, wala hakushika brashi tena. Kazini alikuwa amekwisha kufukuzwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa habari ya mlango ule, wakati ule wala baadaye, na lazima niliseme hilo kwa sababu tumekaa kwenye nyumba ya kusemea kweli, lakini gazeti halikuandika tena neno uzembe, na familia kumi na tisa zilizika watoto wao bila kuinamisha uso mbele ya majirani.

Nyumbani kwetu hakukuwa na shukrani. Mama hakumshukuru wala hakumtukana, ila mara chache sana, akiwa anakata tofu, alisema bila kugeuka, "Siku tatu, Baba In-suk," akimaanisha zile siku tangu Jumatatu hadi Alhamisi, ambazo mji mzima ulimwita mdogo wake mzembe kwa mwandiko wa mumewe. Na mimi, ndugu zangu, niliyesimama hapa nikisoma sifa zake, nilikuwa mbaya kuliko mama. Shuleni wasichana walinizunguka wakiimba, "Baba yake kanenepesha herufi, kakondesha familia!" na mwalimu wetu alisikia akajifanya anafuta ubao, nami siku moja ya Januari 1973 nilirudi, nikamkuta baba anakula kwa mkono wa kushoto, chakula kinamdondoka, nikamwambia, "Ungenyamaza tu. Mama mdogo alikuwa amekwisha kufa. Kwa ajili ya maiti umetuua sisi tulio hai." Aliweka kijiko chini, akavaa viatu, akatoka. Hatukulizungumza tena kwa miaka thelathini na sita.

Baada ya hapo marehemu alibeba makaa ya mawe kwa miaka miwili, kisha kuanzia Mei 1975 hadi alipostaafu Machi 1996 alikuwa mlinzi na mfagiaji wa majumba ya ghorofa upande wa mashariki wa mji, na wapangaji wengi mliopo hapa mlimjua kama mzee mkimya wa kibanda cha getini, bila kujua kwamba mlikuwa mkisoma mkono wake kila siku. Maana herufi ilibaki mali ya gazeti, na gazeti likawauzia wengine, ikaenda kwenye vyeti vya shule, majalada ya vitabu vya nyimbo, mifuko ya mbolea, vibao vya makanisa na mahakama, na ikaenda pia kwenye mabango ya uchaguzi ya watu ambao baba aliwafahamu kwa sauti zao, kwa kuwa kule alikokaa siku thelathini na nane alikuwa amefungwa macho. Alikuwa akisimama njiani mbele ya bango, akilitazama, na mimi nilikuwa nikimvuta koti, "Baba, watu wanatuona," naye akasema tu, "Wameivuta upande. Haikuchorwa ivutwe." Zilipokuja kompyuta waliinakili, wakaipa jina jingine, na leo yeyote anaweza kuiandikia chochote, uongo au kweli, na herufi inakubali vyote kwa uzito uleule, jambo ambalo marehemu alilijua na lilimnyima raha.

Mwaka 1993 akina mama wa wale wasichana walipata ruhusa ya kusimamisha jiwe kwenye makaburi, wakaja nyumbani kumwomba achore majina. Aliwaonyesha kidole gumba. Kisha aliniomba mimi, niliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwenye mkono mzuri, akisema, "In-suk, nitakaa kando yako nikuelekeze," nami nikamjibu, "Mimi si mkono wako, baba." Hakusisitiza. Akina mama wale walikwenda kuchukua ile tanzia ya gazeti, ambayo kila mmoja alikuwa ameikata na kuitunza, wakampa mchonga mawe ile iliyokuwa haijachakaa sana, naye akazikuza herufi zake na kuzihamishia kwenye jiwe. Nilikwenda siku ya kulizindua kwa sababu mama alinilazimisha, na nilimwona baba amesimama nyuma ya watu wote, hakusogea karibu mpaka walipoondoka.

Mama yetu alifariki tarehe 8 Oktoba 1998 kwa saratani ya tumbo. Sijui kama alimsamehe zile siku tatu, na baba naye hakujua, kwa maana mwaka 2003, tulipokuwa tumekaa nje ya hospitali tukingoja vipimo vyake vya moyo, aliniambia bila mimi kumuuliza, "Niliogopa. Jumanne niliogopa, Jumatano niliogopa zaidi. Mama yako alidhani nilikuwa nikifikiri." Hapo ndipo aliponieleza habari ya ile tupa, nami nilitazama magari mpaka tulipoitwa ndani.

Tarehe 30 Mei 2008 marehemu alipata kiharusi, na kilipopungua aliweza kuzungumza na kukaa, lakini hakuweza kusoma tena. Daktari alimwonyesha jina lake kwenye karatasi kubwa, akalitazama muda mrefu kisha akasema kwa adabu, "Ni mchoro mzuri. Unasemaje?" Tangu siku ile mimi na In-gyu tulipokezana kumsomea magazeti, naye akasikiliza amefumba macho, na hakuuliza hata mara moja limeandikwa kwa herufi gani.

Januari mwaka huu mapafu yake yalijaa maji. Jumanne iliyopita, tarehe 17 Februari 2009, saa sita mchana, nilikuwa peke yangu naye, nimetoka shuleni mbio bila kubadilisha viatu, na nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nilishika ule mkono wa kulia nikamwambia, "Baba, yale maneno ya mwezi wa kwanza mwaka wa sabini na tatu, niliyakosea. Nisamehe. Na jiwe lile, ningelichora." Alinitazama. Nilidhani hajasikia, nikaanza kurudia, naye akanikatiza.

"Umekula?"

"Baba, nasema nisamehe."

"Nimesikia. Umekula?"

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Sinia yake ya chakula ilikuwa pale haijaguswa, wali na supu ya mwani iliyopoa, akaisukuma kwangu kwa kiwiko, nami nikala mbele yake huku nikilia, akinitazama kila kijiko, na nilipoacha kidogo cha mwisho akaonyesha kwa kidevu, nikamalizia. Kisha akafumba macho. Alifariki saa tisa na dakika ishirini mchana huo, akiwa na miaka sabini na saba, akiacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya sita, hasa yule muuguzi aliyemnyoa kila Jumapili, inawashukuru wapangaji waliokuja na maua bila kualikwa, wachapaji wawili wazee waliosafiri na mikongojo yao, Mchungaji na wanakwaya, na akina mama saba waliobaki kati ya wale kumi na tisa, ambao wameketi pale mbele tangu Jumanne na wamekataa kurudi nyumbani kulala.

Gari litaondoka saa nne kamili kwenda makaburini. Supu bado ni ya moto na wali upo, tafadhali mtu yeyote asipande gari na njaa.

Baba, hatukudai tena neno lolote, wala zile siku tatu. Utuache, ulale.